Postikadi ya Iwakiri

Matsuyama,
Alhamisi, 26 Machi

Dada yangu mpendwa Chizuru,

Shikamoo, dada. Natumai barua hii inakukuta umekaa kitandani, hujalala, na kwamba wamekwisha kukuondolea ule mpira wa puani uliokuwa ukiulalamikia kuliko kidonda chenyewe. Nagisa amenipigia simu akaniambia kwamba jana mama yake alitembea mpaka chooni na kurudi bila kushikwa mkono, na kwamba njiani alimgombeza muuguzi kwa sababu uji wa mchele hauna chumvi. Niliposikia hilo la kugombeza, nikajua dada yangu amerudi. Sisi huku ni wazima. Mke wangu Tomoe anakusalimu sana. Goti linamsumbua mvua ikikaribia, lakini mdomo haumsumbui hata kidogo. Mimi na mkasi wangu tupo. Vipara vya wateja vinazidi kupanuka lakini bado wanakuja, wanakaa kwenye kiti, wanaongea besiboli, wanalipa na kuondoka. Cheri za mtaani kwetu zimechanua maua machache tu.

Nimeituma barua hii kwa posta ya haraka ili ikufikie kesho Ijumaa asubuhi. Nakuomba uisome peke yako, na usimwambie mtu yaliyomo kabla ya usiku, hata yule mama wa kitanda cha jirani uliyesema ni shabiki wa Okayama, wapinzani wetu wa kesho. Yeye hasa. Sababu utaiona mwenyewe.

Kila mwaka, tangu shemeji alipofariki ukaacha kusafiri, mimi huenda kambi ya mazoezi ya Februari ya timu yetu ya besiboli, Korongo, kwa niaba yetu wawili, kisha nakuandikia taarifa ya warushaji: nani mpira wake unazama vizuri, nani amenenepa, nani anarusha kama anayetupa taka. Mwaka huu hukupata barua. Ulipata postikadi moja yenye mistari michache. Najua ulivyoipokea, maana Nagisa alinieleza kwamba uliiweka mbele ya picha ya shemeji, na kesho yake ukampigia daktari. Leo nataka nikueleze ile postikadi iliandikwaje, mwanzo hadi mwisho, nikiwa nimeinamisha kichwa.

Nianzie Mwaka Mpya. Daktari alikuwa amesema kile kilango cha moyo lazima kibadilishwe kabla Machi haijaisha, na kwamba baada ya hapo yeye haahidi kitu. Wewe, huku unatafuna mochi, ile keki ya mchele ambayo ulikatazwa, ulitutangazia kwamba moyo uliokuvumilia miaka sitini na sita hauwezi kushindwa na wiki tatu zaidi. Ukasema kama Iwakiri ndiye atakayeanza kurusha kwenye mechi ya ufunguzi wa msimu, mwishoni mwa Machi, na kama Kunihiko atapata tiketi, basi upasuaji utasubiri Aprili. Hakuna aliyecheka. Wote tulijua maana yake. Iwakiri aliingia Korongo akiwa na miaka kumi na minane, mwaka uleule uliofiwa na shemeji, na wewe ulisema waziwazi kwamba kijana yule ndiye aliyekutoa kitandani kila jioni ya msimu ule. Mwaka jana wote hakuonekana kwa sababu ya bega. Wewe ulikuwa unamsubiri kama watu wanavyosubiri meli ya jamaa yao.

Nagisa alinipigia simu akilia. Alisema, “Mjomba, mwambie wewe. Wewe ukiongea anasikia.” Nikamjibu kwamba mama yake hajanisikiliza tangu nilipokuwa na miaka minne, sembuse leo nina sitini. Lakini nilipoweka simu chini nilishika mkasi badala ya wembe, na mbele yangu kulikuwa na mteja mwenye povu shavuni akinisubiri. Ilibidi nimwombe radhi, nikamwambia arudi mchana.

Sasa hizo tiketi. Unajua miaka kumi na moja mfululizo nimejaza fomu ya bahati nasibu ya mechi ya ufunguzi, na miaka kumi na moja nimejibiwa kwamba wanasikitika. Uwanja wetu ni mdogo na mji mzima ni wendawazimu. Miaka mingine nilikwenda hekaluni kuomba, nikapiga makofi mawili, nikatupa sarafu ya yeni mia tano badala ya ile ya tano, na bado wakasikitika. Mwaka huu sikwenda hekaluni. Nilijaza fomu kwa sababu tu kutojaza kungekuwa kukudanganya. Tarehe thelathini Januari jibu likaja: viti viwili, upande wa kituo cha kwanza, safu ya kumi na nne. Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Tomoe akatoka jikoni akauliza nani amekufa. Nikamwambia tumepata tiketi. Akasema, “Sasa mbona umekunja uso kama uliyemeza ndimu?” Nilipomkumbusha maneno yako ya Mwaka Mpya akasema, “Basi huyo Iwakiri wenu aombewe bega limuume.” Maneno yale yalitutisha wote wawili. Akaenda upesi kuwasha udi mbele ya picha ya mama.

Hivyo ndivyo nilivyokwenda kambini Sukumo, dada. Nadhani mimi ni shabiki wa kwanza katika historia ya Korongo kukaa nyuma ya wavu wa warushaji akimwombea mrushaji wake aharibu.

Mzee Orita alikuwapo, yule dereva wa basi mstaafu niliyekuandikia habari zake, mwenye kofia iliyopauka mpaka korongo wake anafanana na bata. Hajapata tiketi ya ufunguzi kwa miaka ishirini, na kila Februari huja kambini kulipiza kisasi kwa mdomo. Asubuhi yote aliwashambulia vijana. Mmoja mpira ulipomponyoka akamwuliza, “We mwanangu, leo umechambua samaki hukunawa?” Mwingine mrefu akaambiwa arudishe ile miguu kwa mwenyewe. Hata makocha walicheka. Halafu Iwakiri akaingia, na banda lote likanyamaza, hata Orita.

Alirusha mipira arobaini. Dada, lile banda lina paa la bati, na mdakaji alikuwa Higaki, yule ambaye hajacheza hata mechi moja katika maisha yake. Kazi yake ni kudaka mipira ya wenzake mazoezini tu, mwaka baada ya mwaka. Kila mpira ulipoingia kwenye glovu yake, bati lilipiga kelele. Paa! Nilihisi kifuani. Niliomba wa pili uwe mbaya. Paa! Niliomba wa tatu. Kufikia wa kumi nilikuwa nimeacha kuomba. Orita alikuwa analia wazi, anasema, “Amerudi, jamani, amerudi.” Mimi nami nikalia. Akanipa leso yake, akidhani tunalilia jambo moja.

Nilikwenda kwenye kibanda cha chai, nikanunua postikadi yenye picha ya bahari, nikaandika: “Dada, Iwakiri amekwisha. Mpira haufiki. Tiketi nazo hatukupata. Nenda hospitali. Kunihiko.” Ni hayo tu. Sikuwa na ujasiri wa kuandika uongo mrefu, na wewe ungeugundua kwenye mstari wa tano.

Saa sita mchana wachezaji hupita kandokando ya kamba na kusaini. Unajua kila mwaka nakuletea saini yake kwenye kadibodi nyeupe. Nilisimama na Orita, kadibodi chini ya kwapa, postikadi chini ya kadibodi. Iwakiri alipofika mbele yangu nikainama, nikanyoosha mikono miwili kwa heshima zangu zote, nikampa postikadi.

Nilingoja kusikia kalamu ikikwaruza. Haikukwaruza. Nilipoinua macho alikuwa anasoma. Orita naye akachungulia begani kwangu, akasoma, kisha akapaza sauti ambayo nadhani hata warushaji wa Okayama waliisikia: “Umeandika nini wewe, mchuro mleta mkosi? Amekwisha nani? Mtu analia na mimi asubuhi, mchana anaroga!” Watu wakageuka. Mama mmoja mwenye mwavuli alianza kunichokoa mgongoni nao. Sikuwa na la kufanya ila kusema kweli. Nikiwa nimeinama vilevile, nikimwangalia viatu, nikamweleza Iwakiri kila kitu kwa pumzi moja: moyo wako, daktari, mwisho wa Machi, tiketi zilizopatikana, na kwamba yeye akirusha vizuri dada yangu hatakwenda hospitali.

Aliniuliza una miaka mingapi. Aliuliza kama kweli ungemsubiri yeye na kumwacha daktari. Nikamwambia kwamba dada yangu akishasimama mahali, hata kreni ya bandarini haimwondoi. Hakucheka. Aligeukia meza ya mlinzi, akaiweka ile postikadi, akaandika taratibu penye nafasi ndogo iliyobaki. Akanirudishia kwa mikono miwili, akasema, “Mzee, itume leo hii.” Halafu akaendelea na wengine kwenye foleni.

Maneno yenyewe unayo, lakini niache niyaandike tena: “Dada Chizuru, mdogo wako amesema kweli. Bega hili limekwisha. Usinisubiri. Nenda hospitali. Iwakiri.”

Nilipoyasoma nilicheka kwa furaha mpaka mbavu zikauma. Niliwaza kwamba huyu mtu, licha ya kurusha, ni mwongo hodari kuliko mimi. Orita, aliyekuwa ameniita mchuro dakika tano zilizopita, alinisindikiza mpaka kwenye sanduku la posta, akalipiga sanduku kofi baada ya kadi kuingia, akasema, “Haya, mwanamume umefanya kazi.” Wewe ukaamini kwa sababu ulikuwa mwandiko wake. Ukaenda. Tarehe kumi na nane mwezi huu wakakupasua, ukafumbua macho, na mimi nikanywa sake na kulala chini ya meza.

Kwa hiyo dada, tiketi nilizipata na nikakuficha. Hilo moja. La pili: tarehe ishirini meneja alitangaza kwamba mechi ya ufunguzi itaanzwa na Iwakiri. Wewe ulikuwa na siku mbili tu tangu upasuaji. Nilimsihi Nagisa asiruhusu magazeti ya michezo yakufikie, na akakuambia kwamba duka la hospitali haliyauzi. Duka halina kosa, linayo tele. Ulilalamika sana, nimeambiwa, na nusura uandike barua kwa mkurugenzi. Nilipanga kuja Aprili nikupigie magoti, nikuonyeshe jinsi mimi na Iwakiri tulivyokuchezea, tucheke, unizabe kofi la kichwa, yaishe.

Juzi Jumanne, Higaki mdakaji aliingia dukani kwangu. Hajawahi kunyolea kwangu. Alikaa, nikamfunga kitambaa, na kabla sijauliza anataka mtindo gani akaniuliza, “Mzee, dada yako alikwenda?” Alisema Iwakiri ndiye aliyemtuma, kwamba tangu Februari alikuwa akiulizia kama kuna anayemjua yule mzee wa postikadi, na ni Orita aliyetoa anwani. Nikamjibu kwa madaha kwamba alikwenda, amepona, na kwamba kamwe sijaona mrushaji anayejua kudanganya vizuri namna ile. Nikaanza kumsifu. Nikamwambia kwa miaka arobaini ya kukaa nyuma ya ule wavu sijasikia mipira kama ile arobaini ya Februari. Niliiga na sauti: paa!

 Kwenye kioo niliona macho ya Higaki yameshuka. Kisha akasema pole pole, “Mzee, ulisikia glovu yangu. Mpira wake hukuusikia.”

Akanieleza. Ndiyo kazi yake hasa, ndiyo inayomlisha. Anajua kuupokea mpira pale penye ngozi kavu, anausogelea kidogo unapofika, bati linafanya yaliyobaki, na mrushaji aliyesikia sauti nzuri hulala vizuri. Kwa Iwakiri alifanya hivyo mipira yote arobaini, na Iwakiri alijua, na yeye alijua kwamba Iwakiri anajua. Bega lilikuwa limechanika tena Januari, akijaribu kurusha peke yake. Waliojua walikuwa meneja, mkandaji na Higaki. Iwakiri aliomba mechi moja tu, ile ya kwanza, arushe mpaka mkono ukatae, kisha awashukuru watu wa Matsuyama na kuvua jezi. Atatangaza kesho mwenyewe, mechi ikiisha. Ndiyo maana nimekuomba usimwambie yule mama wa Okayama.

Nikamwuliza basi yale maneno ya kwenye postikadi. Higaki akasema siku ile Iwakiri alikuwa bado hajamwambia mtu nje ya wale watatu. Mama yake mzazi hakujua. Mkewe hakujua, alimwambia usiku uleule, baada ya kurudi kutoka kwenye kamba. Alimweleza Higaki kwamba alipoona kuna mtu aliye tayari kufa akimsubiri, aliona aibu kuficha zaidi. “Wa kwanza kuambiwa,” Higaki akasema, “alikuwa dada yako.”

Mkasi ulibaki hewani, dada. Nilimnyoa vibaya. Upande wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia. Aliinama mlangoni akaondoka hivyohivyo.

Tangu hapo sijapata usingizi mzuri. Nilikusudia kukudanganya nikakubebea ukweli mikononi mwangu bila kuujua. Mimi niliyejiona fundi wa kusikiliza, sikusikia kitu. Na nilidhani nimekunyima mechi moja, nikisema moyoni zipo nyingine mia. Kumbe nimekunyima ya mwisho. Ulikaa naye miaka kumi na saba, na siku anayoaga, kiti chako safu ya kumi na nne hutakikalia kwa sababu yangu. Hilo siwezi kulirudisha, na siombi ulisamehe haraka. Ila siwezi kukuficha tena hata hili: ningejua yote tangu Februari, ningeandika postikadi ileile, na ningeficha tiketi zilezile. Nakupenda, dada. Nadhani sijawahi kukuambia, na sitarudia, kwa hiyo ihifadhi.

Tiketi nimempa Tomoe moja, na ya pili Mzee Orita, ambaye alipopokea alishindwa kusema kitu, jambo ambalo halijawahi kutokea. Tomoe anauliza kama inaruhusiwa kwenda na sindano za kufumia, na kama ni lazima kusimama watu wakisimama. Mimi kesho nafunga duka mchana na kupanda treni. Saa kumi na moja jioni nitakuwa huko kwako Takamatsu. Nitanunua kadi mbili za kulipia televisheni ya kitandani pale hospitali, moja isije ikaishiwa katikati, na hedifoni moja. Wewe utavaa sikio la kushoto, mimi la kulia. Kama hutaki kuniona, mwambie muuguzi, nitatazama kwenye televisheni ya ukumbi wa chini. Sitakasirika.

Lakini ukiniruhusu, tutakaa pamoja. Uwanja mzima utakuwa unashangilia kwamba amerudi. Tarumbeta zitapigwa, Orita atakuwa anapiga kelele kuliko wote. Sisi wawili tu, kati ya watazamaji wote, tutajua anafanya nini pale juu. Ukisikia glovu inalia, usiisikilize. Mtazame yeye usoni.

Mpe Nagisa salamu, na usimgombeze kwa sababu ya magazeti, kosa ni langu. Wasalimie wauguzi uliokwisha kuwatisha. Kunywa dawa zako kwa wakati, funika kifua, na kesho jioni ujizuie kupiga makofi kwa nguvu, kidonda bado kibichi. Tutampigia makofi polepole.

Ni mimi mdogo wako, mwenye makosa,
Kunihiko